Banda la mashua la zamani Kigamboni: nguzo zimeliwa, je, libomolewe?

Hori_Kgb:
Wakuu, habari. Kuna banda la mashua la zamani kwenye bustani inayoshuka hadi mkono wa bahari, Kigamboni. Nguzo ni boriti 8 za mkoko, paa la makuti, ukuta wa nyuma ni mawe ya matumbawe. Nguzo 5 zimeliwa kati ya maji kupwa na maji kujaa. Juu ya hapo ni nzima. Makuti yanavuja, plasta ya saruji inabanduka. Kuna ushauri wa kubomoa na kuweka zege na bati. Haliokoki?

FundiBoriti:
Linaokoka, mkuu, msibomoe! Wanaokula nguzo ni wadudu wa baharini watoboao mbao, na hawaishi maji yasikofika. Dawa ni kuutoa mti majini, rangi haisaidii.

Egemeza paa kwa jeki na mihimili ya muda, nguzo moja moja. Gonga kwa nyundo kutoka chini kwenda juu. Ikilia bubu, ndani kuna uwazi. Kata hadi kwenye mti mgumu. Chini mwaga kishina cha zege (saruji 1, mchanga 1.5, kokoto 3) kinachopanda hadi sm 30 juu ya alama ya maji ya bamvua (siku maji yanapojaa sana kuliko kawaida). Alama ichukuliwe siku za bamvua. Ukipima wakati wa maji mafu (siku yanapojaa kidogo tu), nguzo italiwa upya. Nondo zifunikwe kwa zege sm 7 hivi, na mchanga wa ufukweni usiguse kazi hii: chumvi yake huozesha nondo. Nguzo ishikwe na pini ya chuma cha pua, iachwe nafasi ndogo chini yake ili kitako kikauke.

Boriti za kubadilisha zitoke kwa muuzaji mwenye kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), maana mikoko ni misitu ya hifadhi.

Ezeka_Pwani:
Paa: mwinamo usipungue nyuzi 45. Anza ukingoni kupanda kileleni, kuti hadi kuti sm 10. Wanaobana gharama huacha sm 20, na hapo ndipo linapovuja mapema. Funga kwa kamba ya usumba (nyuzi za makumbi ya nazi). Msiweke nailoni chini. Makuti hayapumui, yanaoza.

MaweNaChokaa:
Saruji inafungia unyevu na chumvi ndani ya matumbawe, ndiyo maana inabanduka na vipande vya jiwe. Iondoeni taratibu, plasta iwe chokaa 1 kwa mchanga 3, tabaka nyembamba, ukuta ukilowanishwa kwanza. Na ulizeni Idara ya Mambo ya Kale: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na ya baadaye yanaweza kutangazwa.

Hori_Kgb:
Asanteni sana. Tuanze na paa kabla ya vuli?

FundiBoriti:
Hapana. Vueni makuti ya zamani kwanza, mzigo upungue, halafu nguzo, ukuta, mwisho mwezeke. Ukiezeka kabla ya kuinua, jeki zitalegeza kamba zote.