Naomba ushauri: kibao chenye jina langu kanisani kinanitesa

Mchungwa
Ndugu zangu, Bwana asifiwe, na wasio Wakristo nawasalimu pia. Ninaishi Tanga mjini na nina shamba la machungwa upande wa Muheza. Miaka mitatu iliyopita niliweka nadhiri kwamba, msimu ukinijia vizuri, nitaliezeka upya kanisa letu, ambalo mabati yake yalikuwa yameliwa na kutu kwa huu upepo wa bahari. Msimu ulijibu, wanunuzi kutoka Kenya walilipa vizuri, nami nikaiondoa nadhiri yangu. Siku ya kuweka wakfu, usharika ulijengea ukutani, karibu na mlango, kibao cha marumaru chenye jina langu kamili, na sitawaficha, nililia kwa furaha.

Msimu uliopita bei ilianguka hata machungwa mengine nikayaacha yaozee mtini. Nilijikuta nikisali kwa hasira, nikimhesabia Mungu mabati niliyomnunulia, kama mtu aliyefuata deni lake. Kisha Jumapili moja mchungaji akahubiri juu ya sanamu za siku hizi. Alipotaja hirizi na chupa za mafuta ya upako tulitikisa vichwa sote, mimi nikiwa wa kwanza, mpaka aliposoma Wakolosai 3:5, ambapo Paulo anasema kwamba kutamani ndiko kuabudu sanamu. Tangu siku hiyo siwezi kukitazama kile kibao bila aibu, na lililo baya zaidi, siwezi kupita mlangoni bila kukitazama. Nikiomba kiondolewe, naogopa watu watasema, "Mwoneni alivyo mnyenyekevu," na hapo nitakuwa nimejipatia kibao cha pili. Nifanyeje?

Mama wa Chumbageni
Mwanangu, kiondoe. Nyoka wa shaba alitengenezwa na Musa kwa agizo la Mungu mwenyewe, na jangwani aliyeumwa akimtazama alipona. Lakini watu walipoanza kumfukizia uvumba, mfalme Hezekia alimvunja vipande vipande na kumwita Nehushtani, kwa maana kwamba ni shaba tu. Soma 2 Wafalme 18:4 uone kama aliuliza majirani watasemaje.

Katekista Mstaafu
Mama, shikamoo. Nakubaliana nawe kuhusu Hezekia, ila nyoka yule alifukiziwa na taifa zima, na hiki kinafukiziwa na mtu mmoja ndani ya moyo wake. Marumaru ikivunjwa, moyo utahamia kwenye mabati, na hayo hatuwezi kuyaezua kwa sababu masika haimsubiri mtu. Martin Luther, akiieleza amri ya kwanza katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, alifundisha kwamba kile ambacho moyo wako unakitegemea na kukitumainia ndicho mungu wako hasa. Yule Farisayo wa Luka 18 hakuwa na kibao popote. Alikuwa na hesabu tu, kufunga mara mbili kwa juma na zaka ya mapato yote, na hakuna mahali tunapoambiwa kwamba hesabu hiyo ilikuwa ya uongo. Kilichomponza ni kwamba aliipeleka mbele za Mungu kama risiti. Mtoza ushuru alisema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi," akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Ningeanza kwa kutoyataja mabati katika sala, hata kwa kushukuru.

Jirani wa Ngamiani
Mimi ni Muislamu, mniwie radhi kuingia kwenye mazungumzo yenu. Kwetu jambo hili, kutenda jema ili watu wakuone, linaitwa riya, na Mtume (S.A.W.) aliiita shirki ndogo, yaani namna ndogo ya kumshirikisha Mungu na kitu kingine. Wanachuoni wetu waliongeza kwamba hata kuacha jema kwa ajili ya watu ni riya, kwa hiyo ndugu, hiyo hofu yako ya kibao cha pili nayo bado inawatazama watu. Ujanani niliwahi kuchuma machungwa huko Muheza, ndiyo maana nina swali moja: wakati wa kuezeka, fedha zilitosha, au kuna mtu aliyeambiwa asubiri?

Mchungwa
Swali hili nilitamani lisiulizwe. Wachumaji kumi na mmoja walisubiri, kwa sababu tarehe ya wakfu ilikuwa imeshapangwa na wageni wameshaalikwa, nami sikutaka paa lionekane nusu. Tisa niliwalipa baadaye kidogo kidogo. Wawili hawajapata kitu mpaka leo, na mmoja wao alihamia Korogwe. Hata mke wangu hajui.

Katekista Mstaafu
Basi kibao kisubiri kama wao walivyosubiri. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa wa waliovuna mashamba unapiga kelele, na kelele hizo zimemfikia Bwana wa majeshi. Walipe kwanza, tena wewe mwenyewe, mkono kwa mkono, bila kutuma mtu na bila kuwaeleza habari za kanisa.

Mama wa Chumbageni
Na uwaombe radhi. Msamaha wa kuomba kwa Mungu peke yake ni rahisi mno.

Mchungwa
Nimezungumza na mke wangu jana usiku, haikuwa rahisi. Mchumaji wa kwanza yupo hapa karibu na nimeshamlipa, alizihesabu noti mara mbili mbele yangu. Wa Korogwe nimepata namba ya shemeji yake, na Alhamisi nitapanda basi la asubuhi. Habari ya kibao nimemwambia mzee wa kanisa, naye amesema baraza litakaa mwezi ujao na kwamba siku hiyo nisihudhurie.