Mjadala: RX 580 inaishinda GTX 1060, ila iwe RX 580 kweli

Wakuu, kila kijana anayejiundia kompyuta ya gemu kwa hela ndogo huishia kwenye swali lilelile: achukue kadi ya grafiksi (inayochora picha za gemu) ya RX 580 kutoka kampuni ya AMD au GTX 1060 ya Nvidia? Zote ni za zamani. 1060 ilitoka Julai 2016, 580 ikafuata Aprili 2017, na mpaka leo zinauzwa kama mtumba. Wengi wenu mnasimama na 1060 kwa hoja tatu: haili umeme, haisumbui pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), na draiva zake (programu zinazoiendesha kadi) ni nzuri. Mimi nasimama na 580 ya GB 8, kwa sharti moja ambalo silegezi.

Kwanza tuseme ukweli kuhusu namba za kwenye karatasi. 1060 ya GB 6 ina viini 1280 (vichakataji vidogo vya kadi) na njia ya memori ya biti 192. 580 ina viini 2304 na njia ya biti 256. Kwa teraflopu, kipimo cha kasi ya kukokotoa, ni kama 4.4 kwa 6.2. Ukiishia hapo utadhani 580 inamwacha mwenzake mbali kwa asilimia 40, na si kweli hata kidogo. Zilipokuwa mpya zilipishana kwa fremu (picha kwa sekunde) chache tu kwenye 1080p, yaani skrini ya pikseli 1920 kwa 1080: gemu nyingi za DirectX 11 zilimpenda 1060, za Vulkan na DirectX 12 zilimpenda 580 (hiyo ni mifumo ambayo gemu hutumia kuongea na kadi). Viini vya kampuni hizi mbili havijengwi sawa, huwezi kuvihesabu kama maembe. Kwa hiyo anayekuja na "2304 ni zaidi ya 1280, funga mjadala" simuungi mkono, hata kama yuko upande wangu.

Hoja yangu ni memori. Gemu nyingi za miaka ya karibuni, ukipandisha teksicha (ubora wa picha zinazofunika vitu vya gemu), zinavuka GB 6 hata kwenye 1080p. Memori ya kadi ikijaa, data inaanza kuvutwa kutoka RAM ya kompyuta, na huko ni mbali. Wastani wa FPS (fremu kwa sekunde) hautaonyesha kitu. Utaona 55, utaridhika. Lakini unageuza gari kwenye kona, picha inaganda kidogo, halafu inaruka mbele, na adui keshakupiga. GB 2 za ziada ndizo zinazokuondolea hiyo adha, na ndizo zimeifanya 580 izeeke vizuri zaidi.

Sasa umeme. 580 imepangiwa wati 185, 1060 wati 120. Tofauti ni wati 65. Cheza saa nne kila siku, mwezi mzima: hazifiki uniti 8. Zidisha kwa bei unayonunulia LUKU. Ni hela, sikatai, lakini haitoshi kumkataa 580.

Pawa saplai ndiyo hoja yenu yenye nguvu, na hapo nawapa haki kabisa. Wengi tunaanzia kwenye kompyuta za ofisi zilizotumika, kama Dell OptiPlex 7010, ambayo kasha lake la mnara linakuja na pawa saplai ya wati 275 isiyo na waya hata mmoja wa kadi ya grafiksi. Fundi anatoa adapta, anaunga waya wa SATA kwenye soketi ya pini 8 ya 580, kompyuta inawaka, kila mtu anafurahi. Kichwa cha SATA kimeundwa kubeba wati 54 tu kwenye volti 12. Nimewahi kuletewa adapta ya namna hiyo: plastiki nyeupe imegeuka kahawia, waya wa njano umekakamaa, na harufu yake ilibaki mezani mpaka kesho yake. Kama huna hela ya pawa saplai ya maana, usinunue 580. Na msidhani 1060 inapona kwa adapta ya SATA. Nayo ina soketi ya pini 6 inayotaka waya wake.

Draiva? Hoja hiyo imeisha nguvu pande zote. AMD ilishaiondoa familia ya 580 kwenye draiva zake kuu mwaka 2023, ikabaki na masasisho ya mara chache. Nvidia nayo ikafunga draiva mpya za gemu kwa familia ya 1060 Oktoba 2025, ikaacha za usalama tu. Anayetumia Blender, programu ya kuchora 3D, hata hivyo, achukue 1060 bila kuniuliza: CUDA, mfumo wa Nvidia wa kukokotoa kwa kadi, bado inafanya kazi pale, wakati Blender iliacha OpenCL, mfumo ambao 580 iliutegemea, kuanzia toleo la 3.0, na 580 ikabaki nje. Anayerusha gemu mubashara pia atapata picha safi zaidi kwa 1060.

Na sasa lile sharti. Oktoba 2018 AMD iliingiza sokoni China kadi inayoitwa RX 580 2048SP. Viini 2048, yaani idadi ya RX 570, kadi ya ngazi ya chini yake, kwa jina la 580. Sarafu ya kidijitali ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiksi Septemba 2022, kadi zilizokuwa zikiichimba zilimwagika sokoni, na hizi zikiwemo. Nilinunua moja dukani, boksi limeandikwa RX 580 8GB. Nikaipachika, nikafungua GPU-Z, programu inayosoma taarifa za kadi, nikatazama mstari wa Shaders, yaani viini: 2048. Muuzaji akaniambia, "Si ni 580 hiyo, jina unaliona." Jina nililiona, ndiyo. Nvidia haina usafi wa kutuhubiria hapa: 1060 ya GB 3 ina viini 1152, si 1280, na haikupewa jina tofauti. Kampuni zote mbili zilitukosea, na mtu wa hali ya chini anayenunua mtumba ndiye anayelipia kosa hilo.

Kwa hiyo nawaomba wauzaji wote: andikeni idadi ya viini na memori kwenye tangazo, na pigeni picha ya GPU-Z kadi ikiwa imechomekwa.

Wanaobisha, karibuni, ila msilete wastani wa FPS. Gemu moja ya karibuni, 1080p, teksicha juu, dakika kumi, 1060 ya GB 6 kwa 580 ya viini 2304. Leteni zile asilimia 1 za fremu za chini kabisa, maana hizo ndizo zinazoonyesha kuganda. 1060 ikiongoza hapo, nitakuja hapahapa kubadili msimamo.