Mtoto mwenye selimundu kweli hapati malaria?

Mama Mapacha:
Ndugu wanajamvi, naomba ufafanuzi. Mwanangu wa kiume, mwenye mwaka mmoja na nusu, amegundulika kuwa na selimundu baada ya viganja na nyayo zake kuvimba, akawa analia kila tulipomgusa. Jirani yangu ananihakikishia kwamba wenye selimundu hawapati malaria, lakini kliniki wamesisitiza alale ndani ya chandarua kila usiku. Nimfuate nani?

Mwalimu wa Baiolojia:
Pole sana, dada. Wafuate wa kliniki, kwa kuwa jirani amechanganya watu wawili tofauti. Kila mtu hurithi jeni mbili za himoglobini, yaani protini inayobeba oksijeni katika damu, moja kwa baba na nyingine kwa mama. Aliyerithi jeni moja tu ya selimundu haumwi ugonjwa huo, na ndiye mwenye kinga kiasi dhidi ya malaria kali, kama alivyoonyesha Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, katika utafiti alioufanya Afrika Mashariki na kuuchapisha mwaka 1954. Mwanao amerithi jeni zote mbili zikiwa za selimundu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida huishi siku 120 hivi, zake hupinda kama mundu na kuvunjika baada ya siku 10 hadi 20, kwa hiyo damu yake iko chini wakati wote, na malaria ikiingia huzivunja hata hizo chache alizobaki nazo.

Muuguzi wa Zamu:
Naunga mkono. Homa kwa mtoto huyu si ya kutuliza kwa panado na kusubiri kuche, kwa sababu bandama yake, ambayo huchuja vijidudu katika damu, huharibika mapema. Ndiyo maana hupewa penisilini kila siku angalau hadi afikishe miaka 5. Muombe muuguzi akuonyeshe namna ya kumpapasa chini ya mbavu za kushoto. Ukikuta bandama imevimba ghafla na viganja vimepauka, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.

Mama Mapacha:
Asanteni sana. Pacha wake ni wa kike na hajavimba popote. Naye apimwe?

Mwalimu wa Baiolojia:
Apimwe, dada. Pacha wa kike na wa kiume hutokana na mayai mawili, kwa hiyo kila mmoja alirithi kivyake. Ikiwa ninyi wazazi mna jeni moja moja, uwezekano wa kila mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Na hata akikutwa na jeni moja tu, chandarua kimhusu vilevile.