MREJESHO: Ile krimu ya kung'arisha imepimwa zebaki

Habari zenu wakuu. Niliuliza humu namna ya kupima zebaki (metali yenye sumu) kwenye krimu ya kung'arisha ngozi anayouza dada yangu dukani kwake hapa Arusha. Asanteni, hasa aliyenielekeza maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Kanda ya Kaskazini. Ni kwa kulipia. Nilipeleka kopo lenye lakiri yake, kama mlivyosisitiza. Zebaki ipo, tena imepita mbali hata kile kikomo cha zamani cha Mkataba wa Minamata (mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki), miligramu 1 kwa kilo. Na lebo inasema "mimea asilia" tu, kwa hiyo ushauri wa baadhi yenu wa kusoma lebo haukunifaa. Kwenye wanja, ambao nao tulitaka upimwe risasi (metali nyingine yenye sumu), tumekwama: sampuli ilikuwa kiduchu, haikupimika. Dada kaondoa makopo yote dukani. Aliyetuuzia jumla kagoma kurudisha hela, eti boksi lilishafunguliwa.