Mpira wa kijana unapaa juu ya mdakaji: mazoezi gani ya kurusha besiboli?

Mama Jabali, Umoja
Wadau, nisaidieni. Kijana wangu ana miaka 13, anarusha kwa mkono wa kulia. Nguvu anazo, lakini mpira unapaa. Ukimkosa mdakaji unagonga geti la jirani, na jirani ameshaanza kununa. Tunafanyia mazoezi kwenye murram nyuma ya ploti, na kwa vile mipira ya besiboli ni taabu kupata, tunatumia ya kriketi. Sasa ameona video, anataka mpira wa kupinda. Nimwache?

Bowla wa Ngara
Mama, mwambie aanze na mbio apate kasi, kisha anyooshe mkono. Mpira wa kriketi hauna neno, ngozi ni ngozi.

Kocha wa Jioni
Bowla, kwa heshima zote, hapo unampoteza mama wa watu. Mrushaji wa besiboli haji mbio kama wa kriketi. Anaanza mguu ukiwa kwenye kibao kilichowekwa chini anaposimama, na kiwiko chake kinakunjwa. Na huo mpira wenu una gramu 156 hadi 163, wa besiboli 142 hadi 149. Tofauti ndogo mkononi, ila kiwiko cha mtoto anayekua kitaihesabu. Mshono nao ni tofauti: wa besiboli unazunguka hivi kwamba vidole viwili vinaulalia kwa kukingama. Kwenye ule wa kriketi atajifunza mshiko ambao baadaye itabidi ausahau. Bora mpira wa tenisi ukutani kuliko huo.

Sasa huko kupaa. Mara nyingi mpira umeachiliwa mapema, na chanzo kiko miguuni. Mama Jabali, chora mstari kwa kisigino kutoka anaposimama hadi kwa mdakaji, halafu usiutazame mpira kabisa, tazama unyayo wake wa kushoto unapotua. Ukitua kushoto kwa mstari, kifua kinafunguka kabla ya wakati, mkono unabaki nyuma, na mpira unakwenda juu kulia. Murram ni mwalimu mzuri hapo, alama ya kiatu haifichiki.

Dawa yake ni taulo. Akunje taulo dogo, alishike kwa vidole viwili na gumba, arushe kama kawaida bila kuliachia. Wewe shika glavu kimo cha kiuno chake, hatua moja mbele ya pale mguu unapotua. Akisimama wima mapema, taulo halifiki. Litafika siku kifua kitakapoufuata mguu. Na geti la jirani litapumzika.

Akichoka na taulo, apige goti la kulia chini, arushe taratibu kwa mtu aliye mita nane hivi. Umbali kamili wa wakubwa, mita 18.44, usimpe bado. Watoto wa Little League, ligi ya watoto ya Marekani, hadi miaka 12 hurusha kutoka mita 14, aanzie hapo.

Mpira wa kupinda asahau kwa sasa. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, kupita hata Denver kule Marekani, ambako warushaji wa Colorado Rockies, timu ya besiboli ya huko, hulia kila msimu kwamba hewa nyepesi haiupindi mpira. Mfundishe wa polepole: mkono uleule, kasi ileile ya bega, ila mpira umezama ndani zaidi ya kiganja. Huo unamdanganya mpigaji hata hapa kwetu.

Mama Jabali
Kocha, nimechora mstari jioni hii. Anatua kushoto kweli, tena mbali! Arushe mara ngapi kwa siku?

Kocha wa Jioni
Mwongozo wa Pitch Smart wa Marekani unaweka 95 kuwa kikomo cha siku ya mechi kwa miaka 13 na 14, na akizidi 65 apumzike siku nne. Mazoezini mimi simfikishi mtoto huko hata kidogo. Bega likichoka si ajabu. Ila akisema kiwiko kinauma upande wa ndani, weka mpira chini siku hiyohiyo, umpeleke kwa daktari wa mifupa.