Bosi alinipa kazi kwa sababu ya wafuasi wangu 41,000, sasa sofa haziuziki. Nifanyeje?

NyotaYaJaha
Wakuu, poleni na majukumu. Naomba ushauri, matusi niwekeeni akiba.

Mimi ni binti wa miaka 26, naishi Dar. Huu ni mwezi wa tatu tangu niajiriwe na mzee mmoja mwenye duka la samani Keko, kazi yangu kutangaza bidhaa zake Instagram. Kwenye usaili tulikuwa watatu. Mmoja alikuja na shahada ya masoko na faili limejaa vyeti. Mzee hakufungua faili la mtu. Alimwita kijana wake wa dukani, "Hebu nitazamie, hawa wana wangapi wangapi?" Wa kwanza 640. Wa pili 1,900. Mimi 41,000. Mzee akacheka, akaagiza soda.

Tatizo, tangu nianze sijauza hata stuli. Picha natupia, video natupia, bei nimeweka, namba nimeweka. Wanaouliza ni shangazi yangu na watu wa mikeka ya kubeti. Jana bosi kanipa wiki mbili: wateja watano au nirudishe simu ya ofisi. Nimweleweshaje mtu mzima kwamba wafuasi si wateja?

Mzee wa Randa
Binti, mimi nachonga hapo hapo Keko tangu 1998. Instagram nina wafuasi 212, nusu yao ukoo wa mke wangu. Lakini nikiweka kitanda kwenye status ya WhatsApp asubuhi, adhuhuri nimeshapokea advansi. Kila aliyemo kwenye simu yangu nilishamshushia kabati mlangoni, yeye au jirani yake. Akisema "fundi, droo inagoma", naenda. Siku hizi lakini kazi imeharibika, mtu anakuuzia mpaini uliopakwa rangi anakwambia mninga, na mnunuzi hajui hata kunusa mbao. Mninga unanukia, jamani. Ila hiyo ni mada ya siku nyingine.

Chumvi Kidogo
Mimi niliachwa 2022 kwa sababu ya wafuasi 87. Dada alikagua akaunti, akaniambia mwanaume mwenye 87 hata ndugu zake hawamwamini. Kaolewa na mwenye 52,000. Juzi kanikopa 20,000.

Kaka Takwimu
Dada, kwa hao 41,000, picha moja inapata laiki ngapi?

NyotaYaJaha
Inategemea. 50, 60. Ila Instagram siku hizi inambana kila mtu, si mimi tu.

Kaka Takwimu
Fungua takwimu za akaunti, nenda sehemu ya miji. Tutajie mitatu ya juu.

Bibi Tausi
Sisi tulipokuwa mabinti mtu alipimwa kwa salamu yake. Ukipita mtaani watu wakaitikia vizuri, umekamilika. Siku hizi mtoto ana watu elfu arobaini na akiugua anachemshiwa uji na mama yake peke yake. Mwanangu, muombe Mungu, na uende hapo dukani mapema kuliko bosi.

NyotaYaJaha
Asante bibi, nitazingatia.

Kaka Takwimu
Miji, dada.

NyotaYaJaha
Dhaka, Jakarta, São Paulo. Dar ni ya nne. Haya, mmefurahi?

Chumvi Kidogo
Mtu wa Dhaka apande meli kufuata kochi Keko! Hiyo gharama ya usafiri inakuwaje?

NyotaYaJaha
Cheka tu. Ndiyo, nilinunua. 2023 nilikuwa nauza mikoba, akaunti ina watu 900. Kila mteja: "Dada mbona kaakaunti kadogo hivyo, usije ukawa tapeli." Wengine walitaka walipe mzigo ukishafika, nikiwapelekea hawapokei simu. Kuna kaka akaniuzia wafuasi 10,000 kwa shilingi 25,000, jumla nikanunua mara nne. Wiki iliyofuata mtu wa Dodoma alinitumia hela nzima hata hajauliza duka liko wapi. Mikoba yenyewe ilikuwa ile ile, na mimi ni yule yule. Sasa niambieni nani alikosea, mimi au wao?

Na bosi hakuuliza kama wako hai. Aliuliza wangapi.

Kwa hiyo nimeshaongea na yule kaka, anipe komenti 200 za Kiswahili kwa 15,000. Na binamu zangu watano watapiga simu dukani kama wateja. Nilichokuja kuuliza ni kama hiyo itanivusha wiki mbili.

Kaka Takwimu
Hukuuliza hivyo mwanzo. Ulituuliza namna ya kumwelewesha bosi.

Desemba 2014 Instagram walifanya fagio la akaunti feki, na akaunti yao wenyewe ya Instagram ikapungua zaidi ya milioni 18. Wasanii wakubwa walipukutika mamilioni. Julai 2018 Twitter nao wakaacha kuhesabu akaunti walizozifunga, idadi za watu zikashuka tena. Siku fagio likikupitia wewe, bosi anaamka anakuta una 900. Na kabla ya hapo, kila ukiweka picha, mtandao unaangalia watu wanavyoigusa ndipo uisogeze mbele. Ikiwafikia watu wa Dhaka ambao ni mashine, hakuna anayeigusa, basi haisogei kwa mtu wa Mbagala. Umelipa laki moja kujifungia mlango.

Mbongo wa Houston
Huku Marekani tume ya biashara, FTC, ina kanuni iliyoanza kutumika Oktoba 2024. Kuuza wafuasi feki, au kuwanunua kwa ajili ya biashara huku unajua ni feki, ni kosa la kupigwa faini. Mimi kwa upande wangu naendesha lori, nina wafuasi 30 na rehani ya nyumba.

Chumvi Kidogo
Hiyo ya lori imeingiaje hapa mkuu?

Bibi Tausi
Mwanangu, hao binamu wakipiga simu, na huyo mzee akawaambia "karibuni, leteni advansi", wataleta nini?

NyotaYaJaha
Bibi, hapo ndipo sijapafikiria.

Jicho la Kengeza
Samahani, mimi nimekaa kimya nasoma. Akaunti ya mleta mada imefunguliwa leo saa tisa alasiri. Hana bandiko jingine. Katutajia bei ya wafuasi, katutajia na ya komenti, nani alimuuliza? Hii ni chai, hadithi ya kupika. Mpishi ndiye huyo huyo "kaka" anayeuza wafuasi, kesho mtamkuta PM, kwenye ujumbe binafsi. Uzi kama huu niliusoma mwaka jana, ule ulikuwa wa dalali wa viwanja.

Chumvi Kidogo
Mimi niwekeeni tangawizi na andazi moja.

Mpita Njia 7
Kama ni tangazo basi limekosewa. 25,000 kwa 10,000 ni ghali, mimi napata kwa 18,000. Anayetaka aje PM.

Jicho la Kengeza
Si mnaona? Wameanza.

NyotaYaJaha
Nimefungua akaunti mpya kwa sababu bosi ana mtoto humu. Mlitaka nije na jina la kwenye cheti cha kuzaliwa? Picha hii nimepiga leo saa tano dukani.
[picha: sofa ya L, rangi ya kijivu, imeegemea ukuta wa matofali]

Mzee wa Randa
Hiyo ni Keko kweli. Ukuta huo naujua, upande wa pili wanachomelea mageti. Na mwambieni fundi mguu wa kushoto kaufunga kinyume.

Kaka Takwimu
Dada, nenda kamwambie bosi ukweli wa ile miji kabla mtoto wake hajamwambia. Halafu mwombe orodha ya wateja wake wa zamani uwapigie mmoja mmoja.

NyotaYaJaha
Nikimwambia leo, kesho mimi niko nyumbani. Acha kwanza komenti zije, nimeshamtumia hela.

Chumvi Kidogo
Hiyo ya L bei gani?

NyotaYaJaha
950,000. Sponji ngumu, kitambaa kinavuliwa na kufuliwa. Ukija na hela mkononi tunaongea.

Jicho la Kengeza
Wakuu, naomba radhi, nilikosea. Si tangazo la wafuasi. Ni tangazo la sofa.

Chumvi Kidogo
Iwe chai, iwe uji, mimi nimehamia juzi nakaa kwenye ndoo. Mguu wa kushoto mnaugeuza? Na kushusha mpaka Tegeta mnachaji ngapi?

NyotaYaJaha
Subiri nimuulize bosi.