Mercedes-Benz W140: uzito ule wote ulitoka wapi?

Mdau wa Sedani

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za S-Class ya kizazi kinachojulikana kwa namba W140, lile gari lililooneshwa kwa mara ya kwanza katika maonesho ya Geneva mwezi Machi 1991 na kuendelea kuundwa hadi 1998. Karibu kila andiko linarudia kauli moja, kwamba hilo ndilo gari la mwisho ambalo wahandisi wa Mercedes-Benz waliachiwa walitengeneze wapendavyo, bila mhasibu kuwauliza neno. Kauli hiyo inanitia shaka, kwa sababu kiwanda ni biashara, na sijaona biashara inayosahau hesabu zake kwa miaka kumi mfululizo.

Swali langu hasa linahusu uzito. W126 lililolitangulia, lililotoka mwaka 1979, lilikuwa gari kubwa lakini halikuwa na kitambi. W140 lilifikia urefu wa mita 5.11 kwa toleo fupi na mita 5.21 kwa toleo refu, upana wa karibu mita 1.89, na lile la silinda 12 lilikuwa na uzito wa karibu tani 2.2. Nimesikia maelezo mawili yasiyopatana: wapo wanaosema kwamba BMW ndiyo iliyosababisha yote, na wapo wanaosema kwamba Wajerumani walitishwa na Lexus LS 400 la Kijapani, wakaongeza vioo vya tabaka mbili na mengineyo ili wasizidiwe kwa ukimya. Naomba mwenye kujua anifafanulie ni lipi lenye ukweli, na pia kama vitu vile vilivyoongezwa vilikuwa na kazi au vilikuwa mbwembwe tu.

Mtu wa Injini

Ndugu Mdau, tuanze na tarehe, maana ndizo zitakazomaliza nusu ya ubishi huu. Kazi ya kulibuni W140 ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, usanifu ukiwa mikononi mwa Bruno Sacco na watu wake, na umbo la gari lilikuwa limekwisha kukubaliwa kabla LS 400 halijaoneshwa Detroit mwezi Januari 1989. Ukubwa wa bodi, basi, haukutokana na Lexus.

Aliyewavurugia mpango ni jirani yao wa Munich. Mwaka 1987 BMW ilitoa 750iL lenye injini ya V12 ya lita 5.0 na nguvu za farasi 300, wakati Mercedes ilikuwa haijawahi kuwauzia wateja wake gari la abiria lenye silinda 12. Gari ambalo lilikuwa linakaribia kukamilika likarudishwa kwa wahandisi, nalo likachelewa. Hapo ndipo uzito ulipoanza kuzaana: injini kubwa inataka rejeta kubwa, na nguvu zake zinataka gia na shafti zinazoweza kuzihimili, gari likiwa na kasi zaidi linataka breki pana zaidi, breki pana zinataka magurudumu makubwa, na magurudumu makubwa yanataka mikono ya chini inayoyashikilia iwe imara zaidi, ambayo nayo haitengenezwi kwa hewa. Baada ya hapo unagundua kwamba gari limekuwa zito, kwa hiyo linahitaji tangi kubwa la mafuta ili lifike mbali, na mafuta yenyewe yana kilo zake.

Matokeo yake yalikuwa injini ya M120, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 5,987, vali 48, nguvu za farasi 408 ilipotoka na msokoto wa nyutoni mita 580, ingawa nguvu hizo zilipunguzwa kidogo baadaye. Ukiinua boneti na kulitoa lile funiko utaelewa jinsi walivyofikiri: kila upande wa silinda 6 una njia yake ya kuvuta hewa na kompyuta yake ya kuuendesha, kana kwamba injini mbili zilizonyooka zimelazwa ubavu kwa ubavu na kuunganishwa kwenye krenki moja. Kasi ilizuiwa isizidi kilomita 250 kwa saa, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu ile haikuwa ya mbio bali ya kulisukuma gari bila kutoa jasho.

Nikiongeza jambo dogo nje ya swali, BMW nayo haikutulia, kwani ilitengeneza gari la majaribio la 7 Series lenye silinda 16, ambalo injini yake iliijaza sehemu ya mbele hata vifaa vya kupoza vikahamishiwa kwenye buti. Hilo halikuuzwa, lakini linakuonesha hali ya hewa ilikuwaje miongoni mwa mafundi wa nchi ile wakati huo.

Fundi Umeme

Nakubaliana na maelezo ya tarehe. Mimi nitajibu lile la mbwembwe, kwa kuwa magari haya nimeyafungua mara nyingi kuliko ninavyoyapanda.

Chukua mlango. Ukiusukuma taratibu mpaka ulimi wa kitasa uguse tu, mlango unatulia kidogo, kisha unasikia mnguno mdogo kutoka nyuma ya gari, na mlango unajivuta wenyewe mpaka ukaziba. Mnguno huo ni wa pampu ya hewa, na pampu hiyohiyo ndiyo inayofunga vitasa vyote, kulivuta buti lizibe na kukutolea mpini wa kulishikia buti unapotaka kulifunga. Ukiweka gia ya nyuma, inainua vijiti viwili vyembamba kwenye kona za nyuma za bodi, ili dereva, ambaye kutoka kwenye kiti chake hawezi kuona gari linapoishia, apate alama ya kulengea. Mwaka 1995 vijiti hivyo vilianza kuachia nafasi kwa sensa za mawimbi ya sauti za Parktronic, na nakiri kwamba sensa ni bora, lakini vijiti havikuhitaji kompyuta yoyote ili kukueleza ukweli.

Kuhusu kioo, ukikishusha nusu na kukitazama ukingoni utaona vioo viwili vyembamba vyenye mwanya wa hewa katikati, vilivyozibwa pembeni pande zote. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia sauti ya upepo na ya magari mengine, na ya pili ni kupunguza ukungu wakati wa baridi. Udhaifu wake ni kwamba ule mzibo ukichoka, unyevu unaingia katikati na kioo kinapata ukungu usiofutika kwa kitambaa, wala huwezi kukirekebisha kwa kukisugua, bali unakibadilisha kizima. Kioo cha namna hii ni kizito, kwa hiyo mota ya kukipandisha ni kubwa, na fremu ya mlango ni nene ili ikibebe. Zidisha mara nne, na sehemu ya kilo anazouliza Ndugu Mdau utakuwa umeipata.

Kuna jambo lisiloonekana ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote hayo. W140 ni miongoni mwa magari ya kwanza kabisa kuuzwa yakiwa na mtandao wa CAN uliobuniwa na Bosch, ambao unaziwezesha kompyuta za gari kuzungumza kupitia nyaya mbili tu, badala ya kila kifaa kuvutiwa waya wake kutoka kwa kila kifaa kingine. Gari lenye vikorokoro vingi hivyo lingefungwa kwa mtindo wa zamani, fungu la nyaya lingekuwa nene kama mkono wa mtu.

Abiria wa Nyuma

Wakuu, mmelisifu gari hili kana kwamba halikuwa na kosa. Niruhusuni nipinge kidogo.

Wakosoaji wa kwanza wa W140 walikuwa Wajerumani wenyewe. Lilitoka wakati watu wakizungumzia mazingira na matumizi ya mafuta, na likaonekana kama ishara ya watu wasiosikia. Magazeti yao yalilicheka kwamba ni pana mno kwa treni inayovusha magari kwenda kisiwa cha Sylt, na kwamba kwa jinsi lilivyokuwa zito, abiria wanne wenye miili yao na mizigo yao waliweza kuufikia uzito wa mwisho unaoruhusiwa. Fikiria kuuziwa gari la heshima kuliko yote, halafu uambiwe uache begi moja nyumbani! Sacco mwenyewe alikuja kukiri kwamba gari lilitoka refu mno kwenda juu, na marekebisho ya mwaka 1994, yaliyogusa taa na sehemu za chini za bodi, yalikuwa kwa kiasi kikubwa juhudi za kulifanya lionekane jembamba.

Kuhusu Lexus, ni kweli haikusababisha ukubwa wa W140, lakini ilionesha kwamba ukimya una njia nyingine. Ichiro Suzuki, mhandisi mkuu wa LS 400, aliwataka watu wake waitafute kelele pale inapozaliwa badala ya kuizika chini ya mazulia na mablanketi. Walipanga injini, gia na shafti vikae katika mstari ulionyooka kadiri ilivyowezekana ili mtetemo usizaliwe, wakabana vipimo vya vipuri, na wakapata sedani yenye V8 ya lita 4.0 ambayo ilikuwa na uzito wa takriban tani 1.7 tu. Mercedes iliuzuia mtetemo kwa kuuwekea kitu kizito mbele yake. Njia zote mbili zinafika, ila moja inafika ikiwa na mzigo mkubwa mgongoni.

Kwa hiyo ile kauli ya wahandisi walioachiwa wafanye wapendavyo mimi naisoma kinyume. Aliyeachiwa afanye apendavyo asingemsubiri jirani yake atoe V12 ndipo naye akumbuke kwamba anaihitaji.

Mtu wa Injini

Hoja ya mwisho naipokea, ingawa nitamtetea W140 kwa jambo moja. Anayelihukumu kwa toleo la V12 pekee hajalitendea haki. Lenye injini ya silinda 6 zilizonyooka, lita 3.2 na nguvu za farasi 231, lilikuwa jepesi zaidi puani, na kwa maoni yangu ndilo lililokuwa na mwendo mzuri zaidi, maana mfumo wa nyuma wa mikono mitano kwa kila gurudumu, uliotokana na ule wa Mercedes 190 ya mwaka 1982, ulikuwa hodari kuliko watu wanavyokumbuka. Yaliyoundwa yalizidi laki nne, kwa hiyo walikuwapo wanunuzi ambao ucheshi wa magazeti haukuwagusa, ingawa ni kweli pia kwamba W126 lilikuwa limepita laki nane.

Mdau wa Sedani

Nawashukuru sana. Sasa nimeelewa kwamba nilikuwa nachanganya chanzo na matokeo. Nina maswali mawili yaliyobaki: nimesoma kwamba mfumo wa ESP, ule unaolisaidia gari lisipoteze mwelekeo, ulianzia kwenye familia ya gari hili, je, ni kweli? Na mtu anayetaka kulimiliki leo kwa ajili ya kulitunza, atafute la mwaka gani?

Fundi Umeme

La kwanza ni kweli. ESP iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Bosch iliingia sokoni mwaka 1995 kwenye toleo la milango miwili la S 600, kisha ikaenea kwa mengine. Mfumo unalinganisha vitu viwili: mahali usukani unapoelekeza, na jinsi gari linavyojizungusha kwa kweli, ambavyo hupimwa na sensa iliyo ndani ya bodi. Vikitofautiana, yaani dereva anataka kwenda kushoto na gari linataka kuendelea moja kwa moja, kompyuta inakamata breki ya gurudumu moja tu, lile litakaloivuta pua irudi, na kupunguza nguvu ya injini, kabla dereva hajamaliza kushtuka. Mwaka 1997, baada ya A-Class kupinduka katika jaribio la kukwepa kizuizi huko Sweden, kampuni ililiwekea gari hilo dogo mfumo huohuo, na tangu 2014 Umoja wa Ulaya unaulazimisha kwa kila gari jipya la abiria. Mwaka 1996 ukaongezwa msaada wa breki, baada ya watafiti kugundua kwamba dereva aliyeshtuka hukanyaga breki haraka lakini hakanyagi kwa nguvu za kutosha. Mfumo unasoma kasi ya mguu na kumalizia kazi wenyewe.

La pili, kama mfuko unaruhusu, tafuta la 1996 kuendelea. Hapo utapata gia otomatiki za mwendo tano zinazoendeshwa kwa kompyuta, mifuko ya hewa ya pembeni, na utakuwa umeepuka zile nyaya za injini za takriban 1992 hadi 1995, ambazo maganda yake yalitengenezwa yaweze kuoza kirahisi yakitupwa, na joto la injini likayaozesha yangali kazini. Ukikutana na la miaka hiyo, omba boneti ifunguliwe injini ikiwa ya baridi, shika waya mmoja karibu na plagi yake, uukunje taratibu. Ganda likipasuka na kubaki unga kwenye kidole, muulize muuzaji kama yupo tayari kufunga fungu jipya la nyaya kabla hamjazungumzia bei. Kisha washa kiyoyozi na kukiacha kifanye kazi kwa muda mrefu, kwa sababu kifaa chake cha kupozea kinachokaa ndani kikivuja, dashibodi nzima inatoka ndipo ukifikie, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa.